Maji hayatoki, pampu inalia, ukuta unatoa chumvi: anzia hapa kabla hujavunja kitu

Mie kazi yangu fundi mfereji (mabomba ya maji), hapahapa Unguja, na simu ninazopigiwa ni zilezile mwaka mzima. Fundi maji hayatoki, fundi pampu inanguruma tu, fundi choo kinanuka, fundi rangi nimepaka juzi ishabanduka. Nyumba zetu tunajenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwakani kuta, paipu anaanza fundi huyu anakuja kumalizia mwengine, mchoro hakuna, kwahio siku kitu kikiharibika hakuna anaejua paipu imepita wapi na watu wanaanza kuvunja.

Mwaka jana niliitwa Fuoni nikakuta fundi mwengine keshavunja vigae vya choo, tundu kubwa kama sinia la pilau, anatafuta paipu iliyoziba. Nikapanda kwenye tangi, mfuniko haupo. Nikafungua yunioni (kiungio cha paipu) ya kutokea maji, mjusi kafa kaziba mlangoni, keshakuwa mweupe kama karatasi. Kazi ya dakika 10. Mama mwenye nyumba kakaa kitako ukumbini kashika kipande cha kigae mkononi, aina ile haipatikani tena madukani, hakusema neno. Nilirudi nyumbani siku ile roho inaniuma.

Ndo maana nimeyapanga hapa kwa dalili. Kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, alafu zile za nadra. Angalia kwa mpangilio huo, usiruke.

Ukigusa mfereji au shawa unapigwa na umeme

Hii nimeiweka mwanzo kwa sababu hapa hakuna cha kujaribu mwenyewe. Hata kama ni kutekenya tu kwenye vidole, hata kama ni mara moja moja, zima meni swichi ya nyumba nzima, usioge, watoto wasiingie chooni, mwite fundi umeme. Kuzima swichi ya shawa peke yake hakutoshi, maana nyengine zimefungwa vibaya, swichi inakata waya usio na moto na moto unabaki ndani.

Mara nyingi ni shawa ya umeme ambayo koili yake imeliwa na maji yetu haya ya chokaa, na waya wa athi (ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini) haukuungwa. Ya pili ni waya wa pampu uliounganishwa kwa tepu pahala penye maji. Ya tatu watu hawaijui: athi ipo lakini nondo yake imepigwa kwenye jiwe kavu, na jiwe la matumbawe likiwa kavu halipitishi umeme vizuri, kwahio athi ni ya jina tu. Mwambie fundi umeme aipime athi kwa mita, asiiangalie kwa macho, na afunge ile breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Na tafadhali, nawaomba sana, asikudanganye mtu ukate waya wa athi eti ndo unaoleta shoti. Waya ule ndo unaokulinda.

Maji hayatoki, au yanatoka kama uzi

Suali la mwanzo: ni mfereji mmoja au nyumba nzima?

Kama ni mmoja, tatizo liko palepale ulipo. Fungua kile kichujio kidogo cha mdomoni, kinazunguka kwa mkono, utakuta mchanga na chokaa nyeupe. Kiroweke kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani. Kichwa cha shawa hivohivo. Bado? Angalia valvu ndogo chini ya sinki, pengine mtu aliifunga wakati wa kusafisha na hakuifungua yote.

Kama ni nyumba nzima, panda kwenye tangi kabla hujafikiria paipu. Gonga ubavuni kutoka juu kuja chini, sauti ikibadilika ndo maji yanapoanzia. Tangi tupu na maji ya ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) yamekuja usiku? Basi boya limekwama, linyanyue na ulishushe kwa mkono, au kichujio chake kina mchanga. Tangi limejaa? Angalia geti valvu ya kutokea. Zile za bei rahisi huvunjika ndani, unaizungusha inazunguka kabisa lakini lile bamba la ndani limebaki chini limeziba, kwahio usiiamini kwa kuizungusha, ifungue. Alafu mdomo wa tangi wenyewe, mijusi, majani, matope.

Kama vyote vizima basi paipu imeshika hewa. Hii hutokea sana tangi likishaisha kabisa alafu likajazwa, khasa pahala ambapo paipu imepanda ikashuka ikapanda tena. Funga mifereji mingine yote, unga mpira kutoka kwenye mfereji wa pampu mpaka kwenye mfereji wa chini kabisa wa nyumba, sukuma maji kinyumenyume dakika moja mbili, utasikia tangi linabubujika. Hewa imetoka. Ikirudi kila wiki, paipu imelazwa vibaya na pale pa kupanda na kushuka itabidi pafanywe upya.

Mwisho ni urefu. Maji yanayoshuka yenyewe hupata nguvu ya bar 1 kwa kila mita 10 za kwenda juu. Tangi lako likiwa mita 3 juu ya shawa una bar 0.3 basi, na mtu kakuuzia shawa ya umeme ambayo kwa presha hio haiwaki vizuri. Hapo hakuna kilichoharibika. Ama unyanyue tangi, ama uweke pampu ndogo ya kusukuma, na kabla ya vyote hivyo angalia saizi ya paipu: inayoshuka kutoka tangini iwe inchi moja, au isipungue robo tatu, nusu inchi ibaki ya kuingia kwenye mfereji tu. Nyumba nyingi nimekuta nusu inchi kuanzia juu mpaka chini, akifungua mmoja jikoni wa chooni anabaki na sabuni kichwani.

Ukitaka kunyanyua tangi kumbuka lita 1000 ni tani moja, lita 2000 ni tani mbili, na mabomba wala mnara sijahesabu. Mnara wa matofali ukiona ufa wa mshazari, au nguzo imeinama hata kidogo, toa maji yote kwanza, watu wasipite chini yake, na mwite mtu wa majengo. Mie fundi mfereji sipandi juu ya mnara wa namna hio.

Tangi linakwisha usiku na hakuna aliyetumia, au bili imepanda

Funga mifereji yote, soma mita, usiguse maji saa moja, soma tena. Imesogea, kuna pahala panavuja. Huna mita, weka alama ya chaki kwenye tangi saa ya kulala, na valvu ya kuingizia maji uifunge.

Mara nyingi ni choo. Maji yanapita taratibu ndani ya bakuli huyaoni wala huyasikii. Chukua rangi ya biriani, tia kidogo kwenye tangi la kuflashi, usiflashi nusu saa. Bakuli likigeuka rangi, ule mpira wa chini umechakaa, badilisha, haufiki hata robo ya bei ya kumwita fundi. Kama maji yanamwagikia kwenye lile tundu la juu, boya liko juu sana, lipunguze.

Choo kizima? Funga valvu moja moja ujue ni upande gani wa nyumba. Paipu nyeupe zilizopita juani ndo za mwanzo kupasuka, jua linazikausha zinakuwa kama biskuti, kwahio za nje zipake rangi au uzifunike. Paipu za kuchomelea, zile za PPR, huvujia kwenye maungio, mashine haikufika moto wake wa digrii 260 au umeme ulikuwa mdogo siku ile. Uungio wa namna hio haubanwi wala hautiwi gundi, unakatwa na kuungwa upya.

Pampu

Shangazi yangu wa Chake kanipigia simu juzi: "Mwanangu, pampu inanguruma wala haizunguki, niiwache labda itachanganya yenyewe?" Nikamwambia shangazi chomoa sasa hivi. Pampu inayonguruma bila kuzunguka inaungua, dakika chache tu zinatosha.

*Inanguruma haizunguki.* Angalia umeme kwanza. Umeme wetu ni volti 230, jioni watu wote wakiwasha unashuka, ukiona taa zimefifia usiwashe pampu, subiri usiku mkubwa. Pili, pampu imekaa miezi haikutumika na shafti imeshika kutu: chomoa plagi kabisa, sio kuzima swichi, toa kofia ya nyuma uzungushe feni kwa mkono. Ikilegea, washa. Ikizunguka vizuri kwa mkono lakini kwa umeme haitaki, ni kapasita (kile kikopo kinachosaidia mota kuanza), mara nyingi utaiona imevimba. Kapasita inabaki na umeme ndani hata plagi ikichomolewa, kama hujawahi kuishika usijifunzie hapo, mpe fundi. Na kama kuna harufu ya kuungua, ni ya kusukwa waya upya, hio kazi ya watu wengine.

*Inazunguka haitoi maji.* Imeingia hewa. Fungua ile nati ya juu, ijaze maji mpaka yamwagike, funga, washa. Ikifanya kazi leo na kesho tena hewa, ile valvu ya chini kabisa ndani ya kisima haifungi, ina mchanga au mpira umekwisha. Alafu angalia maungio ya paipu ya kuvutia, paka maji ya sabuni pampu ikiwa inafanya kazi, povu likifyonzwa ndani ndo hapo.

Ikiwa ni mwisho wa kaskazi, Februari kuingia Machi kabla ya masika, pima kina cha maji kwa kamba. Pampu ya juu haivuti zaidi ya mita 7 hivi, hata ununue yenye nguvu mara mbili, kwa sababu kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje sio pampu yenyewe. Maji yakishuka chini ya hapo unahitaji pampu ya kuzamisha. Msiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima, na mtu asiingie kisimani wakati injini imewashwa au imetoka kuzimwa, hewa ya sumu ya moshi ule inabaki mle ndani na inaua mtu hana hata harufu ya kumshtua.

*Inawaka inazima, inawaka inazima.* Hii ni ile yenye otomatiki. Kuna mfereji unadondosha, au choo kama nilivosema juu. Kama vyote vikavu, kaangalie lile tangi dogo la presha. Lina kinipo kama cha tairi la baiskeli, kibonyeze: likitoa maji, mpira wa ndani umepasuka, unanunuliwa mwengine. Likitoa hewa dhaifu, zima umeme, fungua mfereji presha yote itoke, alafu jaza kwa pampu ya baiskeli. Hewa iwe chini kidogo ya presha ambayo pampu inawakia. Kama inawakia bar 1.4 basi weka 1.2.

Maji ya kisima yamekuwa ya munyu

Hii inaniuma kwa sababu watu wanatumia pesa nyingi kuizidisha. Yuko mtu wa upande wa Jambiani, maji yake yalianza munyu, akaita watu wakachimba mita tano zaidi, yakawa ya bahari kabisa.

Maji yetu baridi ni mvua iliyoingia kwenye jiwe ikakaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Kwa hesabu za wataalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia karibu mita 40 chini yake. Ukiivuta ile mita moja ya juu, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwahio sababu ya kwanza ni kuvuta kwa kasi, pampu kubwa saa nyingi, wewe au jirani yako mwenye nyumba ya wageni. Ya pili ni kina.

Punguza: pampu ndogo, muda mfupi, mara mbili kwa siku badala ya kuvuta saa tatu mfululizo, na pandisha mdomo wa paipu karibu na juu ya maji. Kipumzishe siku kadhaa uonje tena. Usichimbe chini. Na mvua ya masika ikamate kutoka kwenye bati, maji yale hayana chumvi wala chokaa.

Harufu chooni na karo (shimo la maji machafu ya choo) kujaa haraka

Harufu kwenye chumba cha wageni kisichotumika: ile kona ya maji ya chini ya sakafu imekauka, mwaga kata moja ya maji, basi. Harufu inayokuja ukiflashi na sinki linaguguma: paipu ya pumzi haipo au imezibwa na kiota. Choo kinachojaa kabla ya kushuka: kuna kitu kimekwama, au paipu imelazwa bila mteremko. Ya inchi nne inataka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, weka levo ukione mwenyewe kabla fundi hajafukia.

Karo likijaa wakati wa masika tu, ardhi yenyewe imejaa maji, na Pemba kwenye udongo wa mfinyanzi hali ni mbaya zaidi maana maji hayanywewi haraka. Kulichimba zaidi hakusaidii. Punguza maji ya kufulia yasiingie humo, yapelekwe kwenye migomba. Karo likijaa mwaka mzima, limeziba kwa mafuta na tope, litolewe na gari.

Upande wa maweni ni kinyume, karo halijai kabisa, na watu wanafurahi. Mie nikisikia halijawahi kujaa miaka 15 nauliza kisima kiko wapi. Jiwe lile lina nyufa, uchafu unakimbia moja kwa moja. Mita 30 kati ya karo na kisima ndo kipimo kinachotajwa sana, na kwenye jiwe lenye nyufa hata hio inaweza isitoshe. Kama kisima kiko karibu chemsha maji ya kunywa, na kipindupindu tumekiona visiwani hapa zaidi ya mara moja.

Mtu asiingie ndani ya karo. Hata dakika moja, hata kwa kamba, hata likiwa limetolewa. Hewa ya mle inaangusha mtu hapohapo, na anaemfuata kumuokoa anaanguka juu yake. Mtu akianguka ndani usiingie, piga kelele, ita zimamoto.

Ukuta unatoa chumvi, rangi inabanduka

Angalia iko wapi. Ikianzia sakafuni ikaishia magotini au kiunoni, unyevu unapanda kutoka ardhini, nailoni haikuwekwa juu ya msingi. Ikiwa ni duara peke yake katikati ya ukuta, nyuma yake kuna paipu au choo. Ikiwa imetapakaa kila pahala, ni mchanga wa bahari kwenye plasta. Huna hakika, bandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote, siku mbili, alafu bandua: umande ukiwa upande wa ukutani maji yanatoka ndani ya ukuta, ukiwa upande wa chumbani ni mvuke wa chumba na kukosa hewa.

Usipake rangi juu, utapaka tena mwakani. Ziba chanzo, toa plasta iliyooza nusu mita zaidi ya alama, sugua chumvi kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji inarudi ndani), acha ukauke wiki kadhaa, plasta mpya ya mchanga wa shimo au uliooshwa. Nje, shusha udongo uliopandiana na ukuta na weka gata ili maji ya bati yasirukie.

Mji Mkongwe ni habari nyengine kabisa. Kuta zile ni mawe na chokaa, zinapumua. Ukizipiga saruji unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaanza kulainika huku nje unaonekana mpya. Tafuta fundi wa chokaa, na uulize Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa.

Zege linadondoka na nondo inaonekana

Chumvi ya mchanga wa bahari, au ya upepo kwa nyumba za pwani, imefika kwenye chuma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwahio inalipasua zege kutoka ndani. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia chini ya slabu, gonga kwa nyundo ndogo, usikie kama kuna uwazi. Hapo acha. Hamisha kitanda, usiruhusu watu kukaa kwenye baraza la juu, mwite injinia. Kuziba kwa plasta kunaficha tu, nondo inaendelea kuliwa mpaka slabu ishuke.

Bati linavuja

Karibu kila mara ni msumari, mpira wake umekauka. Maji hayadondoki pale yanapoingilia, hufuata mbao, kwahio ingia darini na tochi mchana, utaona kitundu cha mwanga, kitie alama kwa waya. Badilisha msumari kwa skrubu yenye mpira, saizi moja juu. Kama bati zima limekuwa jekundu usilikanyage, na likiwa rowa usipande hata kama maji yanamwagikia kwenye televisheni, weka ndoo usubiri jua.